Gesi ya AC Mara Tatu: Maelezo Kuhusu Kiyoyozi cha Gari la Mradi, Ruaruke



Baada ya taarifa ya matumizi ya gari la mradi kusomwa, kamati mbili za sharika pamoja na mfadhili wetu mmoja walituuliza swali linalofanana: kwa nini kifungu cha "kujaza gesi ya AC" kimejitokeza mara tatu ndani ya miezi kumi na minne? Mzee mmoja wa kamati aliongeza kwamba yeye haoni sababu ya gari la Kanisa kuwa na ubaridi wakati waumini wanatembea juani. Maswali yote mawili ni ya haki. Tuliahidi kuyajibu kwa maandishi, na tumeona tuyajibu kwa kirefu, kwa kuwa magari yenye umri kama wa gari hili yako katika sharika nyingi, na kosa tulilolifanya sisi huenda linafanyika sehemu nyingine hivi sasa.

Gari lenyewe ni Land Cruiser, lile ambalo watu huliita mkonga, la mwaka 1996, injini ya dizeli. Lilikuja kama msaada likiwa limeshatumika miaka mingi. Kazi zake zilizoandikwa ni kuhudumia vikundi vya kupanda mikoko, vikundi vya kuweka na kukopa vya akina mama, na ukaguzi wa visima katika Ruaruke na vijiji vinavyoizunguka. Kazi yake isiyoandikwa ni kubeba wagonjwa. Hakuna dereva awezaye kugongewa mlango saa nane ya usiku akajibu kwamba jambo hilo halimo katika andiko la mradi, na hatuulizi mgonjwa anasali wapi. Wengi wa majirani zetu kule ni Waislamu, na gari ni lao kama lilivyo letu.

Je, ni anasa?

Tuanze na swali la mzee, maana hilo ndilo la kwanza kwa uzito. Atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa hupita Mkuranga na Bungu juu ya lami mpaka Kibiti. Akiacha lami na kushika njia za kuelekea delta, wakati wa kiangazi vumbi lake ni jembamba kama unga. Katika gari ambalo kiyoyozi chake hakifanyi kazi una mambo mawili tu ya kuchagua: ufunge vioo upikwe, au ufungue vioo ulivute vumbi. Mwaka jana tulimbeba mtoto mwenye pumu kumpeleka hospitali Kibiti. Mama yake alimfunika kichwa kwa khanga, vioo vikafungwa, baadaye vikafunguliwa, vikafungwa tena. Dereva anasema mlio wa kile kifua ulikuwa mkubwa kuliko wa injini. Mtoto alifika na akatibiwa, tunamshukuru Mungu. Lakini siku ile gesi tuliyokuwa tumelipia miezi mitatu kabla ilikuwa imekwisha kabisa, na sisi tulikuwa tumeliandika jambo hilo kuwa "dosari ndogo".

Upo upande mwingine ambao wengi hawaujui. Kiyoyozi hakipoozi hewa tu, kinaikausha pia. Usiku wa masika, gari likiwa na watu wanane walioloa mvua, kioo cha mbele hufunga ukungu kwa ndani, na kitambaa cha dereva hakitoshi. Kiyoyozi kikiwashwa, ukungu huondoka ndani ya dakika chache, hata kama hewa imewekwa upande wa joto. Tumewahi kukaribia kuingia mtaroni kwa sababu hiyo. Kwa hiyo tunasema bila kuona haya: kwa gari la kazi hii, kiyoyozi si anasa. Anasa ni kukilipia mara tatu.

Namna kinavyofanya kazi

Muuguzi akikupaka spiriti mkononi kabla ya sindano, unahisi baridi. Spiriti haikuwa baridi ilipokuwa chupani. Ule ubaridi unatokana na spiriti kugeuka mvuke, na kila kitu kimiminika kinapogeuka mvuke huchukua joto mahali kilipo. Mtungi wa udongo uliowekwa kivulini hupooza maji kwa njia hiyohiyo: maji yanapenya kidogo kidogo, yanakauka juu ya udongo, na yanaondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Kiyoyozi cha gari ni mtungi ambao mvuke wake haupotei, unakusanywa na kurudishwa kuwa kimiminika ili ufanye kazi tena.

Gesi inayotumika katika magari mengi yaliyotengenezwa kuanzia miaka ya tisini ya kati huitwa R134a. Ikiwa huru hewani, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ndani ya gari huanzia kwenye kompresa, ambayo huzungushwa na mkanda wa injini na kuikandamiza gesi mpaka inakuwa ya moto na yenye msukumo mkubwa. Kutoka hapo huingia kwenye kondensa, ile iliyo mfano wa rejeta nyembamba mbele ya rejeta yenyewe. Upepo unapopita, gesi hutoa joto na kugeuka kimiminika. Kisha hupita kwenye draya, kopo dogo lenye dawa ya kunyonya unyevu, na kufika kwenye valvu yenye tundu jembamba sana. Ikishapenya hapo, msukumo hushuka ghafla, kimiminika huchemka ndani ya evapoleta iliyo nyuma ya dashibodi, na feni hupuliza hewa ya ndani ya gari juu yake. Hewa inapoa, unyevu wake unaganda kuwa matone na kutoka nje kwa bomba. Ndiyo sababu ya yale maji yanayoonekana chini ya gari lililoegeshwa, ambayo abiria wengi huyashangaa wakidhani gari limetoboka. Maji hayo ni dalili njema.

Gesi ikishamaliza kazi hurudi kwenye kompresa na kuanza upya. Tunaomba wajumbe wa kamati wakumbuke sentensi inayofuata hata wakisahau mengine yote: gesi ya kiyoyozi hailiwi kama dizeli. Inazunguka tu. Ni kweli kwamba katika gari la zamani mipira na sili ya kompresa huvujisha kidogo mno mwaka hadi mwaka, kwa hiyo kuongeza gesi baada ya miaka kadhaa si jambo la ajabu. Lakini gesi iliyojazwa Februari ikiisha Mei, ipo njia ya kutokea, na anayejaza bila kuitafuta njia hiyo anajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Tulivyokosea

Sisi tulijaza ndoo hiyo mara tatu. Kila mara gari lilipokwenda mjini kwa shughuli nyingine, dereva alipewa fedha, gesi ikajazwa kwa dakika ishirini, ubaridi ukarudi, risiti ikaletwa, nasi tukaweka sahihi. Mara tatu hizo ziligharimu jumla ya shilingi 360,000. Mara ya nne gereji moja ilitueleza kwamba kompresa imekufa na kondensa imeoza, vyote vinunuliwe vipya, na makadirio yakawa shilingi 1,850,000. Hapo ndipo tulipozinduka. Kwa mradi wetu fedha hiyo ni miche, ni mafuta ya mashua, ni posho ya wanaojitolea.

Hatumlaumu mtu hapa. Kosa lilikuwa letu, kwa sababu fomu yetu ya matengenezo ina nafasi ya kuandika "kilichofanyika" na "gharama", lakini haina mahali pa kuandika "chanzo cha tatizo". Fomu sasa imerekebishwa.

Liko jambo lililotuaibisha zaidi ya fedha. Gari hili ndilo linalobeba vikundi vya kupanda mikoko. Delta ya Rufiji ina msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko iliyoungana katika pwani ya Afrika Mashariki, na katika kila semina tunawaeleza wananchi kwamba mikoko inahifadhi hewa ya ukaa na kuzuia bahari isile mashamba ya mpunga. Sasa, R134a haidhuru tabaka la ozoni, lakini katika kuongeza joto la dunia kilo moja yake ni sawa na takriban kilo 1,430 za hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka mia moja. Gari letu hubeba gramu 750. Mara tatu ni kilo 2 na robo, yaani zaidi ya tani 3 za hewa ya ukaa. Tulifanya hesabu ya dizeli: lita moja ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi, kwa hiyo gesi tuliyoiachia inalingana na moshi wa lita zipatazo 1,200. Mkonga wetu ungekwenda karibu kilomita 9,600 kwa lita hizo. Tulikuwa tunapanda miche kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine tunaachia gesi.

Chini ya mwembe

Kijana mmoja wa usharika, aliyesomea ufundi wa majokofu na viyoyozi VETA na sasa ameajiriwa mjini, alikuja nyumbani kwa likizo. Baada ya ibada alimwuliza dereva wetu kwa nini anaendesha vioo wazi katika vumbi lile. Dereva akamweleza habari ya kompresa iliyokufa. "Shikamoo tena mzee wangu," kijana akasema akicheka, "hebu nifungulie boneti kesho asubuhi kabla hujanunua kitu." Kesho yake gari likawekwa chini ya mwembe wa nyumba ya mwinjilisti.

Tunaeleza kazi yao kwa mpangilio walioufuata, kwa kuwa mpangilio huo ndio uliookoa fedha. Siku ile ya kwanza hakikuguswa kitu chochote chenye gesi. Walianza na feni ya ndani, maana mara nyingi mtu husema gari halipoozi kumbe hewa haipiti. Wakafungua kifuniko cha upande wa abiria na kutoa majani makavu, vumbi la kujaza kopo mbili, na kiota cha panya kilichotengenezwa kwa sufi. (Panya huyo alikuwa amekula pia kona ya kitabu cha safari za gari, ambacho tulidhani kimepotea.) Wakafuata kondensa. Hii ilikuwa imezibwa na tope lililokauka, nasi tunaamini sehemu yake ni ya mafuriko ya Aprili 2024, wakati Rufiji na Kibiti zilipoingiliwa na maji na gari hili likawa linapita majini siku hadi siku. Waliiosha kwa maji ya kumwagia bustani, polepole, kutokea upande wa injini kuja mbele. Hawakutumia mashine ya kuoshea magari, kwa kuwa mapezi yake ni membamba na msukumo mkubwa huyalaza. Yaliyokuwa yamelala waliyanyoosha moja moja kwa kisu cha mezani kisicho na makali. Kazi hiyo ilichukua nusu siku na haikugharimu hata senti. Kondensa iliyosemwa imeoza ilikuwa chafu tu, ingawa pembeni ina kutu ya hewa ya chumvi kama kila kitu cha pwani.

Mkanda ulikuwa mzima. Basi ikabaki kompresa "iliyokufa". Kijana alieleza kwamba mbele ya kompresa ipo klachi ya sumaku ya umeme. Ukiwasha AC, sumaku huvuta sahani na kompresa huanza kuzunguka. Lakini mfumo una swichi inayolinda: gesi ikiwa chache mno, swichi hukata umeme wa klachi, kwa sababu mafuta ya kulainisha kompresa husafirishwa na gesi hiyohiyo, na kompresa ikizunguka bila gesi hujiua. Kwa hiyo gari lisilo na gesi na gari lenye klachi mbovu huonyesha dalili moja. Walikagua fyuzi na rilei, vikawa vizima. Injini ikiwa imezimwa, wakagusisha waya wa klachi moja kwa moja na betri kwa nukta moja tu. Klachi ikalia "ta!" na sahani ikavutwa. Wakazungusha kompresa kwa mkono, ikaenda laini, bila mkwaruzo. "Haijafa, mzee," kijana akasema. "Imefungiwa mlango kwa usalama wake." Shilingi 1,850,000 ziliokolewa kwa waya wa urefu wa mkono.

Ikabaki kujua gesi inatokea wapi. Mafuta ya kompresa husafiri na gesi, basi panapovuja gesi hubaki alama ya mafuta, na vumbi hung'ang'ania pale. Walipitisha kitambaa cheupe kwenye kila kiungo. Sehemu mbili zilitoka na uchafu mweusi wa mafuta: kiungo cha bomba kwenye kondensa, na valvu ndogo ya kujazia, iliyo mfano wa ile ya tairi, ambayo kizibo chake cha plastiki kilikuwa kimepotea. Kizibo hicho watu wengi hukidharau, lakini ndicho kinachozuia mchanga usiingie kwenye valvu. Mahali pa tatu, mpira mmoja ulikuwa ukisuguana na chuma. Haukuwa umetoboka, wakauvalisha kipande cha mpira wa ndani wa tairi na kuufunga upya mbali na chuma.

Hapo wakasimama. Hili tunapenda lieleweke vizuri, kwani ndipo nyumbani panapoishia kama huna vifaa. Kufungua kiungo kungeachia gesi iliyobaki, na kujaza tena bila pampu kungekuwa kurudia kosa lile lile.

Siku mbili za vifaa

Wiki tatu baadaye gari lilipotoka mjini lilikuja na kijana pamoja na vifaa tulivyovikodi: geji, pampu ya kuvuta hewa, mashine ndogo ya kunyonya gesi na mtungi wake, mtungi wa naitrojeni na mizani. Umeme ulitoka kwenye jenereta ya usharika.

Geji ilithibitisha mambo mara moja. Mfumo wenye gesi ya kutosha, gari likiwa limezimwa na hewa ikiwa na nyuzi 31, husoma karibu 100 kwa kipimo cha psi, kile kile cha upepo wa tairi. Wetu ulisoma 15. Gesi iliyobaki ikanyonywa kwenye mtungi badala ya kuachiwa hewani. Kisha wakaingiza naitrojeni kavu na kupaka maji ya sabuni kila mahali. Kiungo cha kondensa kikatoa mapovu, na valvu nayo. Kwingine kote kimya.

Naitrojeni ikatolewa na kiungo kikafunguliwa. Oringi, ile pete ya mpira iliyo ndani yake, ilikuwa imekauka na kupasuka kama mpira wa manati wa zamani. Waliweka mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya R134a, ikiwa imepakwa mafuta ya kompresa, si grisi. Kiini cha valvu kikabadilishwa. Draya pia ikabadilishwa, ingawa haikuwa imevuja: dawa yake ikishavuta unyevu mpaka kushiba haisaidii tena, na unyevu ndani ya mfumo huganda kuwa barafu kwenye lile tundu jembamba na hutengeneza asidi inayokula chuma kwa ndani. Mafuta kidogo yakaongezwa kufidia yale yaliyopotea.

Pampu ikafanya kazi dakika 45. Wengi hudhani inatoa hewa tu. Inakausha pia, kwa maana msukumo ukishuka karibu na utupu maji huchemka kwa joto la kawaida la Ruaruke na kuvutwa nje kama mvuke. Ikazimwa, wakakaa saa nzima wakiangalia mshale wa geji. Mwinjilisti alileta chai na mihogo. Mshale haukusogea, maana yake hakuna tundu lililobaki.

Gesi ikajazwa kwa mizani kulingana na kibandiko kilicho chini ya boneti: gramu 750, si zaidi. Kila gari lina kipimo chake, wala asije mtu akachukua hiki cha kwetu. Kujaza "mpaka ipoe" ni kubahatisha, na gesi ikizidi ubaridi hupungua na kompresa huumia. Injini ilipowashwa, gesi ya mwisho iliingizwa kwa upande wa msukumo mdogo peke yake. Geji zikasoma 35 upande mmoja na 230 upande wa pili. Tuliazima kipimajoto na kukiweka kwenye tundu la hewa: nje nyuzi 33, ndani 9.

Gharama zote ni hizi, na risiti zipo ofisini: oringi na kiini cha valvu 12,000, draya 45,000, mafuta 18,000, gesi 60,000, kukodi vifaa siku mbili 90,000, nauli na chakula cha fundi 60,000. Jumla shilingi 285,000. Fundi hakutaka ujira. Tulimwambia kwamba safari nyingine atalipwa, kwa sababu fundi wa Kanisa naye ana kodi ya nyumba.

Mambo ambayo yasifanyike

Yapo mambo tunayoyasikia katika gereji za kando ya barabara ambayo hayana budi kukatazwa katika magari yetu yote.

La kwanza ni kujaza gesi ya kupikia. Ni kweli inapooza, na ni rahisi. Lakini mfumo wa gari la zamani haukutengenezwa kwa gesi inayowaka, na evapoleta iko magotini pa abiria. Uvujaji mdogo ndani ya gari lililofungwa vioo, kisha cheche ya swichi, yatosha kuua. La pili ni kupima uvujaji kwa oksijeni ya kuchomelea, kwa kuwa mtungi upo karibu na naitrojeni iko mbali. Oksijeni yenye msukumo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Fundi anayetaka kufanya hivyo asimamishwe hata kama ni rafiki. Tatu, R134a inayotoka ghafla hugandisha ngozi na inaweza kupofusha, kwa hiyo miwani na glavu vivaliwe, na mtu asivute sigara wala kuwasha moto karibu, maana gesi hii ikipita kwenye moto hutoa mvuke wa sumu. Nne, dawa za chupa za "kuziba uvujaji" zisitiwe. Huziba pia valvu, na huharibu mashine ya fundi atakayefuata.

Sharika zenye magari ya kabla ya miaka ya tisini ya kati zina jambo la ziada. Magari hayo yalitengenezwa kwa gesi ya R12, ambayo ndiyo iliyotoboa tabaka la ozoni. Wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionya juu ya gesi za jamii hiyo mwaka 1974, na mwaka 1987 nchi zikatia sahihi Itifaki ya Montreal. Tanzania ilijiunga mwaka 1993, na nchi zinazoendelea zilitakiwa kuacha kabisa gesi hizo ifikapo 2010. Kwa hiyo anayekwambia leo ana R12 mpya, mwogope. Gari la namna hiyo linaweza kugeuzwa litumie R134a, lakini si kwa kumimina tu: gesi ya zamani inyonywe, mafuta yabadilishwe kwa sababu yale ya zamani hayachanganyiki na R134a, draya na oringi ziwekwe mpya, viungo vya kujazia vibadilishwe, na kiasi kiwe pungufu, kama asilimia 80 hadi 85 ya kile kilichoandikwa. Kisha kibandikwe kibandiko kipya ili fundi wa kesho asichanganye. Hata R134a yenyewe imo katika makubaliano yaliyofikiwa Kigali mwaka 2016 ya kupunguza gesi za jamii yake hatua kwa hatua. Bei yake haitarajiwi kushuka, na hiyo ni sababu nyingine ya kuziba matundu mapema.

Utaratibu mpya

Kuanzia robo hii, fomu ya gari lolote la mradi haitasainiwa kwa kifungu cha gesi ya AC kama haikuandikwa mahali palipovuja, kilichobadilishwa, na gramu zilizojazwa. Madereva wataosha kondensa kila baada ya miezi mitatu, na watawasha kiyoyozi kwa dakika kumi kila wiki hata wakati wa baridi ya kusi, ili mafuta yafike kwenye sili ya kompresa isikauke. Kamati zinaombwa kukagua vizibo vya valvu. Kimoja hununuliwa kwa bei ya soda.

Kwa wafadhili, tunaleta ombi moja. Seti ya geji, pampu na mizani ikinunuliwa na kutunzwa ofisini, sharika zitaiazima kwa zamu badala ya kila moja kukodi. Mashine ya kunyonya gesi ni ghali zaidi, hiyo tutaendelea kuikodi kwa sasa. Usharika utakaotaka kuazima seti itakapopatikana utaleta barua iliyopitishwa na kamati, jina la fundi mwenye cheti, na nakala ya kibandiko cha gramu cha gari lake.

Gari letu limemaliza kaskazi yote bila kuongezwa gesi, na geji tuliyoiazima mwezi uliopita ilisoma sawa na siku ile. Spidi ya tatu ya feni bado haifanyi kazi; rezista yake imeagizwa mjini, na italetwa gari likija kuchukua miche.